Ugomvi wa champali za Kolhapur haukuwa wa jina

Desemba 2025, kwenye ubalozi mdogo wa Italia mjini Mumbai, kampuni ya mitindo ya Prada, ya Milan, ilitia saini makubaliano na mashirika mawili ya umma ya India, moja la jimbo la Maharashtra na jingine la Karnataka. Mpango ulikuwa mafundi wa majimbo hayo washone jozi 2,000 za champali za ngozi za mtindo wa Kolhapur, mji wa Maharashtra, nazo ziuzwe takriban yuro 800 kila jozi kuanzia Februari 2026, katika maduka 40 ya Prada na mtandaoni. Zigeuze yuro hizo kuwa shilingi za Kenya na utakaribia laki moja na ishirini elfu, kwa kiatu cha wazi ambacho sokoni Kolhapur hukipata kwa rupia mia kadhaa, au elfu na ushei kikiwa kizuri hasa. India, au angalau ile India inayoandika mitandaoni, ilishusha pumzi. Miezi sita nyuma Prada walikuwa wameonyesha viatu vya umbo hilo hilo bila kutaja asili yake. Mwizi amefumaniwa, amekiri, sasa analipa.

Mimi hadithi hiyo siinunui, na taabu yake inaanzia mwanzoni kabisa. Kwa miezi sita watu waligombania jina: kwa nini Prada hawakuandika "Kolhapuri"? Katika yote yaliyostahili kugombaniwa, jina ndilo lilikuwa dogo kuliko mengine, na kisheria mambo yalikuwa kinyume na walivyodhani wengi. Fundi wa Kolhapur anadai, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya deni lake haiko Milan. Iko Mumbai, Pune na Delhi, kwenye vizingiti vya nyumba ambako champali hizo zimekuwa zikivuliwa kizazi baada ya kizazi.

Kwa ambaye hakufuatilia: Juni 2025 Prada walionyesha mjini Milan mavazi yao ya kiume ya mwaka 2026. Wanamitindo walipita jukwaani wamevaa viatu ambavyo maelezo ya kampuni yaliviita viatu vya ngozi, basi. Mtu yeyote aliyekulia Maharashtra alivitambua kabla mwanamitindo hajafika mwisho wa jukwaa. Kidole gumba kimepita kwenye pete yake, ukanda mpana umelala juu ya mguu, na pembeni yametokeza yale mabawa mawili ambayo mafundi huyaita masikio. Zogo likazuka. Chemba ya biashara ya Maharashtra ikawaandikia Prada, na Lorenzo Bertelli, mrithi wa familia inayomiliki kampuni hiyo, akajibu kwamba ni kweli viatu vile vilitokana na kazi za mikono za India zenye karne nyingi, na kwamba vilikuwa bado kwenye hatua ya ubunifu, havijaamuliwa kuuzwa. Julai timu ya Prada ikafika Kolhapur kuwatembelea mafundi. Wauzaji wa mtandaoni wa India, wajanja kama kawaida yao, waliigeuza kashfa hiyo kuwa tangazo.

Neno champali lenyewe tumelipata huko huko, kutoka chappal ya Kihindi, na limekaa kwenye Kiswahili muda mrefu kiasi kwamba wengi hawajui lina wazazi wengine. Ya Kolhapur ni champali ya aina yake. Ngozi yake, hasa ya soli, ni ya nyati wa kufugwa, husindikwa kwa magome ya mgunga na tunda la mti uitwao hirda. Kiatu cha asili hakina msumari hata mmoja. Tabaka za soli hushonwa kwa uzi uliokatwa kwenye ngozi hiyo hiyo. Wanaume hukata na kupiga soli kwa nyundo. Ule msuko mwembamba wa juu, unaoitwa veni kama msuko wa nywele, mara nyingi ni kazi ya wanawake, wameketi chini nyumbani huku sufuria iko jikoni. Zile nzito za wanaume zilitengenezwa makusudi zilie zinapokanyaga, ili mtaa ujue nani anakuja. Nilinunua zangu nilipokuwa nasoma Pune, mji uliowalea wanafunzi wengi wa Kenya na Tanzania, na wiki ya kwanza zilinichubua kidole nikatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Muuzaji alicheka, akaniambia nizipake mafuta nizilaze usiku kucha, kesho yake zitanijua. Zikanijua kweli, ila ilichukua kesho kama tano hivi.

Tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo hasira ilipopotea njia. Mwaka 2019 champali za Kolhapur zilipata ulinzi wa alama ya kijiografia, ule ule unaoilinda chai ya Darjeeling, iliyokuwa ya kwanza kuupata nchini India. Ulinzi huo unasema: jina hili litumike tu kwa bidhaa iliyotoka mahali hapa na kutengenezwa kwa namna hii. Mahali penyewe ni wilaya nane, nne za Maharashtra (Kolhapur, Sangli, Satara na Solapur) na nne za Karnataka. Angalia vizuri kinacholindwa. Ni jina na asili. Umbo la kiatu halimo, na wala pete ya kidole haimo. Sasa fikiria Prada wangetii kelele za mitandaoni, wakaandika "Kolhapuri" kwenye kiatu kilichoshonwa Italia kwa ngozi ya Italia. Hapo ndipo wangekuwa wameuza chini ya jina ambalo halikuwa lao, jambo ambalo sheria hiyo ilitungwa kulizuia. Kwa kunyamaza walikosa adabu, hilo nakubali, lakini hawakuligusa jina. Umma ulikuwa ukimdai mtuhumiwa atende kosa ambalo hakuwa amelitenda.

Kundi la mawakili lilikwenda Mahakama Kuu ya Bombay kuomba Prada waamriwe kuomba radhi na kulipa fidia. Julai 2025 mahakama ilitupa kesi hiyo, ikiuliza jambo moja tu la maana: nyinyi ni nani katika shauri hili? Mwenye haki ya kushtaki, ilisema, ni mmiliki aliyesajiliwa wa alama hiyo. Wamiliki hao ni wawili, LIDCOM la Maharashtra na LIDKAR la Karnataka, yale yale yaliyokuja kutia saini Desemba. Yote mawili ni mashirika ya serikali, na hapo inafaa mtu asimame kidogo. Jina la champali halimilikiwi na fundi, wala na chama cha mafundi. Fundi anaweza kuandikishwa kuwa mtumiaji halali wa jina, yaani anaruhusiwa kuiita champali yake kwa jina ambalo babu yake aliliita bila kumwomba mtu.

Majina ya mashirika hayo yanasema kitu ambacho zogo zima halikutaka kukisema kwa sauti. LIDCOM kwa urefu limeitwa kwa jina la Sant Rohidas, mtakatifu na mshairi aliyekuwa fundi wa ngozi. LIDKAR limeitwa kwa jina la Babu Jagjivan Ram, mwanasiasa wa Kidalit, yaani wa jamii zilizoitwa wasioguswa, aliyefika kuwa naibu waziri mkuu. Si bahati nasibu. Yaliundwa kwa ajili ya jamii za wafanyakazi wa ngozi, Wachamar, Wadhor na wenzao, watu ambao utaratibu wa matabaka uliwaweka chini kabisa, nje ya kijiji, mbali na kisima cha wengine, kwa sababu walishika ngozi ya mnyama aliyekufa. Hadi leo "chamar" ni tusi katika sehemu nyingi za kaskazini mwa India. Mbunifu mmoja wa Mumbai, Sudheer Rajbhar, aliiita studio yake Chamar Studio makusudi, ili tusi liandikwe kwenye mkoba ambao mtu wa tabaka la juu ataupigania dukani.

Asia Kusini ina uhusiano wa ajabu na kiatu. Mguu ni kiungo cha chini, na chochote kinachougusa ni najisi au kitakatifu, kutegemea mguu ni wa nani. Unavua mlangoni, unavua hekaluni, ukigusa kitabu kwa mguu kwa bahati mbaya unakigusa kwa mkono, kisha unagusa paji lako kuomba radhi. Kumvika mtu shada la viatu ni kumdhalilisha mbele ya dunia. Wakati huo huo, kwenye Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, Bharata anaziweka ndara za kaka yake Rama juu ya kiti cha enzi, na nchi inatawaliwa kwa jina la ndara hizo kwa miaka kumi na minne. Harusini dada za bibi harusi huiba viatu vya bwana harusi na kuvishikilia mpaka atoe fedha, na majadiliano hayo huwa makali kuliko ya mahari. Na mama anayerusha champali kutoka jikoni ikampata mtoto sebuleni, kwenye kona, bila kuangalia, ni mzaha ambao Mhindi, Mpakistani na Mbangladeshi wanaucheka kwa pamoja. Nadhani hata wa kwetu wanaujua. Utaona kiatu kimepewa nafasi kila mahali, kwenye dini, kwenye harusi, kwenye vichekesho. Aliyekishona hayumo.

Kwenye mtaa niliokaa Pune kulikuwa na mshona viatu chini ya mwarobaini, mzee wa maneno machache. Mama mwenye nyumba yangu alikuwa mtu mwema, nasema hivyo bila kejeli. Kila siku saa kumi alimpelekea chai yule mzee. Glasi ya chai hiyo ilikaa kwenye kingo ya dirisha, upande wa nje. Ilioshwa nje, ikarudi dirishani. Sikuwahi kuiona ikiingia jikoni, na nilichukua miezi mingi kutambua nilichokuwa nakiona. Baadaye nikasoma habari za Shahu, maharaja wa Kolhapur hiyo hiyo, aliyetenga nusu ya nafasi za kazi serikalini kwa matabaka yaliyoachwa nyuma mwaka 1902. Mtu wa jamii ya wasioguswa aitwaye Gangaram Kamble alipofungua mgahawa wa chai mjini na wateja wakamkwepa, Shahu alikwenda mwenyewe kuinywa chai yake hadharani. Zaidi ya miaka mia imepita tangu siku hiyo. Kutoka pale hadi Pune ni mwendo wa saa chache kwa basi.

Wanaowalaumu Prada wana hoja nzito, nisionekane nimeidharau. Kampuni tajiri inapochukua umbo lenye mwenyewe na kulipachika kwenye jukwaa bila hata sentensi moja ya asili yake, inamgeuza fundi kuwa malighafi. Pia ina nguvu ya kufuta. Baada ya muda mnunuzi wa Tokyo anaamini umbo hilo lilizaliwa Milan, na champali halisi akiiona anaidhani ndiyo nakala. Hoja hiyo ingebaki na uzito hata kama sheria haina kifungu. Upande wa pili wapo wanaosema mitindo imekuwa ikikopeshana tangu zamani, na wanayo ya kuonyesha. Champali hizi zilivaliwa sana na vijana wa Ulaya na Marekani miaka ya 1970, na viatu vya pete ya kidole havina hati ya kuzaliwa ya mji mmoja. Hata Kolhapur yenyewe si msafi: sehemu nzuri ya champali zinazouzwa pale kwa jina lake hushonwa Athani na vijiji vya jirani, ng'ambo ya mpaka, Karnataka. Ndiyo maana katikati ya zogo waziri mmoja wa Karnataka alijitokeza kukumbusha kwamba mafundi wa jimbo lake nao watajwe. Watu waliokuwa wakiililia asili iliyofutwa na Prada, wengi wao hawakuwa wamewahi kulisikia jina Athani.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema fundi ashukuru, maana ametangazwa bure. Waliosema hivyo walitaja maagizo yaliyoongezeka madukani wiki zile. Sawa, lakini duka si fundi. Champali za mkono hulipwa kwa jozi, na kati ya anayesuka veni na anayepiga picha ya bidhaa mtandaoni kuna watu wengi wenye mikono mirefu. Umaarufu pia humpandisha mshindani ambaye wanunuzi wa Kihindi wenyewe wamemlea kwa muda mrefu, yaani champali ya mashine, ya plastiki na ngozi bandia, yenye umbo la Kolhapuri na jina la Kolhapuri, inayouzwa robo ya bei kwenye kila kituo cha treni. Huyo anavunja alama ya kijiografia kila siku, ndani ya India, kwa jina kamili. Sijaona umati wa mitandaoni ukimwandama. Mara nyingi wamemvaa.

Na kuna suala la ngozi, ambalo kwenye zogo lilitajwa kwa kupita tu. Mwaka 2015 Maharashtra ilipanua marufuku ya kuchinja ng'ombe ikajumuisha na madume. Nyati hawakuguswa na sheria hiyo, lakini polisi wa barabarani, na hasa makundi ya wajitolea wanaojiita walinzi wa ng'ombe, hawana mashine ya kupima ngozi ni ya nani. Dereva wa lori la ngozi amekuwa mtu wa kuhofia maisha yake. Julai 2016, Una, jimbo la Gujarat, vijana wa Kidalit walivuliwa nguo na kuchapwa hadharani kwa kumchuna ng'ombe aliyekuwa amekwisha kufa, kazi ambayo jamii yao ililazimishwa kuifanya kwa karne. Matokeo yake ni rahisi kuyafuata: ngozi inapungua, bei yake inapanda, fundi anaongeza bei au anapunguza kipato chake, mtoto wake anatazama hesabu hiyo na anakwenda kutafuta kazi kiwandani au kwenye pikipiki ya kusambaza chakula. Hakuna hatua hata moja hapo iliyopitia Milan.

Waswahili tumekuwa na toleo letu. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara, Kenya ikapaza sauti, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Pale jina ndilo lilikuwa linachukuliwa hasa, kwa hiyo kulipigania jina kulikuwa sahihi. Ila kinyume chake ni kanga. Mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya India, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, ndiye aliyezieneza zile zenye maandishi, zikaitwa mali ya Abdulla, na kwa miaka mingi kanga zetu zimechapwa India. Umbo lilivuka bahari mara mbili na hakuna aliyeita wizi, kwa sababu mnunuzi wa Kiswahili ndiye aliyeamua rangi gani itoke na jina gani liandikwe. Nguvu ilikuwa kwa mvaaji. Kwenye champali za Kolhapur, mshonaji hajawahi kuwa na nguvu ya namna hiyo mbele ya mtu yeyote, awe Mwitaliano au jirani.

Kwa hiyo nayasoma makubaliano ya Desemba kwa macho mawili. Jozi 2,000 kwa yuro 800 ni yuro milioni 1.6 kama zote zitauzwa kwa bei hiyo, kiasi kidogo sana kwa Prada na kidogo vilevile ukikigawa kwa wilaya nane. Mafunzo yaliyoahidiwa, pamoja na nafasi za kwenda kwenye chuo cha kampuni Italia, ni jambo jema kwa vijana waliokuwa wanaikimbia kazi. Lakini swali la kwanza lingekuwa msukaji wa veni analipwa kiasi gani kwa jozi moja ya yuro 800, na nani atachapisha takwimu hiyo. Swali la pili ni kwa serikali za majimbo: kama zinaweza kukaa meza moja na kampuni ya Milan, zinashindwaje kumfikisha mahakamani mwenye kiwanda cha plastiki wa mtaa wa pili, au kumhakikishia dereva wa lori la ngozi kwamba atafika salama? Mahakama imekwisha sema mwenye haki ya kushtaki ni nani. Kalamu wanayo.

Jambo moja lililofanyika bila makofi mwaka 2025 linanipa matumaini kuliko barua ya Prada: LIDCOM ilianza kuweka msimbo wa QR kwenye champali halisi, ukiuchanganua unapata aliyeishona na mahali ilikoshonewa. Jozi yangu ya Pune bado ninayo, soli imeliwa kisiginoni upande wa kulia. Ndani imepigwa muhuri wa duka, dhahabu iliyofifia, na chini kuna namba ya saizi iliyokwaruzwa kwa ncha ya msumari. Mkwaruzo huo ndio maandishi pekee ya aliyeitengeneza.